Kingamwili ya Sungura na Kimeng'enya cha Ini: Lebo ya Chupa Haitoshi

Wanafunzi wa uzamili wanaopita katika maabara yetu ya histolojia hapa Dar es Salaam huniuliza mara kwa mara waagize kingamwili gani, yaani protini ya kinga inayoshika kitu kimoja lengwa, ili waweze kukiona kimeng'enya CPS1 katika vipande vya ini, na wengi wao hutarajia niwatajie mzalishaji na namba ya katalogi, basi. Jibu langu huanzia kwenye kimeng'enya chenyewe, kwa sababu mtu asiyejua kimeng'enya hicho hukaa wapi mwilini, kina uzito gani na kinafanana na protini gani nyingine, hana namna ya kujua kama chupa aliyoinunua ina kile kilichoandikwa juu yake. Nimeona niliandike jibu hilo kwa kirefu, kwa kuwa maandishi ya Kiswahili kuhusu kazi hii ni machache mno, na kwa kuwa naumia ninapoona utafiti wa miaka miwili ukijengwa juu ya rangi ya kahawia, ile inayotokea kwenye slaidi pale kingamwili iliposhika, ambayo hakuna aliyeihoji.

Jina kamili la CPS1 ni kabamoili fosfati sinthetasi 1. Kila mtu alapo nyama, dagaa au maharage, mwili huvunja protini na kubaki na amonia, ambayo ikizidi katika damu ni sumu kwa ubongo. CPS1, kilichomo ndani ya mitokondria za seli za ini, huunganisha amonia na bikaboneti kwa gharama ya molekuli 2 za ATP, nishati ya seli, na kutengeneza kabamoili fosfati, na hapo ndipo unapoanza mzunguko wa urea, unaogeuza amonia kuwa urea ya kutolewa kwa mkojo, ambao Hans Krebs na Kurt Henseleit waliueleza mwaka 1932 huko Freiburg, Ujerumani. Mtoto anayezaliwa na CPS1 kisichofanya kazi kabisa huonekana mzima mwanzoni, kisha hukataa kunyonya, hulegea, na anaweza kupoteza fahamu ndani ya siku chache tu za maisha yake. Kwa hiyo tunapozungumzia kukitambua kimeng'enya hiki hatuzungumzii jambo dogo.

Kwa mtu wa maabara, mambo matatu kuhusu CPS1 yana uzito kuliko mengine. La kwanza ni ukubwa wake: hutengenezwa kikiwa na asidi amino 1,500, hukatwa kipande cha mwanzo kinapoingia katika mitokondria, na kinachobaki huwa na uzito wa takribani kilodaltoni 160, ambao ni uzito mkubwa kwa protini. La pili ni mahali kinapopatikana: kimo kwa wingi katika ini, kimo pia katika seli zinazotanda ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba, lakini katika figo na ubongo hakitarajiwi kuonekana kwa njia tunazotumia. La tatu ni wingi wake, maana katika ini kinakadiriwa kufikia takribani asilimia 20 ya protini zote zilizomo ndani ya tumbo la mitokondria.

Wingi huo hufurahisha wengi, nami huutazama kwa tahadhari. Protini inapokuwa nyingi kiasi hicho, hata kingamwili dhaifu hutoa rangi nzito, na hata kingamwili chafu, yenye kushika vitu vingine vitano pamoja na CPS1, huonekana safi kwa sababu CPS1 huvifunika vyote. Mwanafunzi huangalia slaidi ya ini, huona kahawia kila mahali, na husema kingamwili inafanya kazi. Hapo bado hajathibitisha chochote.

Sasa nieleze chupa hiyo imetoka wapi. Mzalishaji huchagua antijeni, yaani kitu cha kumchanjia sungura ili atengeneze kingamwili dhidi yake, ambayo inaweza kuwa CPS1 kizima, kipande chake kilichotengenezwa na bakteria, au peptidi fupi ya asidi amino kati ya 15 na 20 hivi. Peptidi fupi peke yake haiamshi kinga ya mnyama vya kutosha, hivyo hufungwa kwenye protini kubwa zaidi, na inayopendwa zaidi ni KLH, inayotokana na damu ya konokono mmoja wa baharini wa pwani ya Pasifiki ya Marekani. Mchanganyiko huo hukorogwa na mafuta ya kuchochea kinga, sungura hudungwa, hurudiwa kila baada ya wiki kadhaa, na damu huchukuliwa kutoka kwenye mshipa wa sikio. Mzalishaji makini huwa amechukua pia damu ya sungura huyohuyo kabla ya sindano ya kwanza. Damu hiyo ya awali ni ya thamani kubwa, kwa kuwa inaonyesha sungura alikuwa na nini mwilini kabla hajaonyeshwa CPS1, na mimi humwomba muuzaji anipatie kiasi kidogo kila inapowezekana.

Sungura huleta faida ambazo panya hawezi. Kimeng'enya hiki hakijabadilika sana kati ya wanyama wanyonyeshao, hivyo kingamwili ya sungura iliyotengenezwa kwa CPS1 cha binadamu mara nyingi hushika pia cha panya. Kwa wanaofanya majaribio kwa panya, hilo huwaepusha na tabu ya kutumia kingamwili ya panya juu ya tishu ya panya, ambapo kingamwili ya pili, ile inayoishika ya kwanza na kuleta rangi, hushindwa kutofautisha kile ulichoweka wewe na kile alichokuwa nacho mnyama mwenyewe.

Neno polikloni maana yake ni kwamba ndani ya chupa hiyo kuna kingamwili nyingi tofauti, zilizotoka kwa seli nyingi tofauti za sungura, kila moja ikishika sehemu yake ya CPS1, kama mashahidi wengi waliomwona mtu mmoja kutoka pande mbalimbali. Fomalini inapoharibu sehemu moja ya protini, nyingine hubaki na kushikwa, na ndiyo maana polikloni huvumilia tishu iliyokaa muda mrefu kwenye fomalini, jambo la kawaida katika hospitali zinazopokea sampuli kutoka mikoa ya mbali. Lakini kingamwili zinazoilenga CPS1 ni sehemu ndogo tu ya kingamwili zote za damu ya sungura. Ikiwa mzalishaji amesafisha kwa protini A pekee, inayoshika kingamwili bila kujali zinalenga nini, chupa ina kila kingamwili ya aina ya IgG ambayo sungura alikuwa nayo, zikiwemo za vijidudu alivyowahi kupambana navyo. Ikiwa amesafisha kwa kupitisha seramu juu ya antijeni ileile, zinabaki zile zinazoishika. Karatasi inayokuja na chupa husema ni njia ipi iliyotumika, kwa herufi ndogo, na ndiyo mstari wa kwanza ninaousoma.

Mstari wa pili ninaoutafuta ni ule unaotaja kipande cha CPS1 kilichotumika kumchanja sungura. Mwilini kuna protini nyingine iitwayo CAD, inayofanya kazi ya kutengeneza pirimidini, matofali ya kujengea DNA na RNA, na sehemu mojawapo ya CAD ni ndugu wa karibu wa CPS1 kwa mpangilio wa asidi amino. CAD haimo katika mitokondria, imo katika saitoplazimu ya seli, na huongezeka katika seli zinazogawanyika haraka, yaani seli za saratani zikiwemo. Hebu fikiria polikloni iliyotengenezwa kwa kipande ambacho protini hizo mbili zinafanana: mtafiti atapima "CPS1" katika uvimbe, ataona kimeongezeka, ataandika makala, kumbe alichopima ni CAD. Kwa bahati njema uzito wa CAD ni takribani kilodaltoni 243, kwa hiyo jeli, ambayo hupanga protini kwa uzito, huwatenganisha ndugu hawa vizuri, jambo ambalo slaidi peke yake haiwezi kulifanya.

Ndiyo sababu nasisitiza kwamba kingamwili mpya ianzie kwenye jeli kabla ya kufika kwenye slaidi, hata kama kazi yote ya mwanafunzi ni ya slaidi. Njia ya kuhamisha protini kutoka kwenye jeli hadi kwenye utando, ambayo kila maabara huiita westani bloti, ilichapishwa mwaka 1979 na Harry Towbin na wenzake huko Basel, Uswisi, na hadi leo ndiyo mahakama ya kwanza ya kingamwili. Kwa protini ya kilodaltoni 160, jeli iwe ya asilimia ndogo, 7 au 8, na muda wa kuhamisha uongezwe, la sivyo protini kubwa hubaki ndani ya jeli na mtu akadhani haikuwepo. Katika jeli moja naweka ini, utumbo mwembamba, figo na ubongo. Ninachotaka kuona ni mstari mmoja wenye nguvu kwenye 160 katika ini, mwingine hafifu zaidi katika utumbo, na weupe katika figo na ubongo. Mstari ukitokea karibu na 240, hasa katika seli za saratani zinazokua kwenye chupa, namshuku CAD papo hapo. Na usikate utando sentimita moja juu na moja chini ya mstari unaoutaka kabla ya kuutazama wote. Picha iliyokatwa namna hiyo haina ushahidi.

Kipimo cha kuchanganya kingamwili na peptidi yake kabla ya kuiweka kwenye utando kinapendwa sana, na wauzaji hukiuza kama uthibitisho. Mimi sikihesabu kuwa uthibitisho. Peptidi huziba mikono ya kingamwili, na mikono ikizibwa, mistari yote ya kingamwili hiyo hupotea, ya kweli na ya uongo kwa pamoja, kwa hiyo kinachothibitika ni kwamba kingamwili inashika peptidi iliyotumika kuitengeneza, jambo ambalo hakuna aliyelitilia shaka. Ushahidi ulio bora ni seli ambazo jeni la CPS1 limezimwa, zikiwekwa kando ya ndugu zao ambao jeni lao linafanya kazi. Pale ambapo seli hizo hazipatikani, tishu zisizo na CPS1 na kingamwili nyingine inayojitegemea, iliyotengenezwa kwa sehemu nyingine kabisa ya kimeng'enya, hutufikisha karibu.

Kuhusu kingamwili ya kulinganisha, tuna bahati ambayo wanaoshughulika na vimeng'enya vingine hawana. Mwaka 1993 ilitangazwa kingamwili ya monokloni (ya aina moja tu, kutoka ukoo mmoja wa seli) ya panya iitwayo Hep Par 1, iliyopatikana baada ya kuwachanja panya kwa tishu ya ini lililopandikizwa likashindwa kufanya kazi. Wanapatholojia duniani kote waliitumia kutambua seli zenye asili ya ini, wakiiamini kwa jinsi ilivyofanya kazi kwenye slaidi nyingi, na ni mwaka 2008 tu ndipo ilipobainika kwamba protini inayoshikwa nayo ni CPS1. Kwa miaka 15 ilitumika bila kujulikana inashika nini, na iliaminika kwa sababu watu walikuwa wameijaribu katika tishu za kila aina. Leo tunaweza kuiweka polikloni ya sungura kwenye kipande kimoja cha ini na Hep Par 1 kwenye kipande kinachofuatana nacho, kisha tukatazama kama zinakubaliana seli kwa seli.

Tuje kwenye slaidi, ambako ndiko ninakokaa muda mwingi. Ini lina mtego ambao tishu nyingi hazina, nao ni biotini, vitamini iliyomo ndani ya seli zake. Seli za ini zina vimeng'enya vinavyobeba biotini, na baadhi yake vimo katika mitokondria, mahali palepale kinapokaa CPS1. Ukitumia mfumo wa zamani wa kutoa rangi kwa avidini (protini inayoshika biotini) na biotini, hasa baada ya kuchemsha slaidi kwenye bafa ya sitreti ili kufungua antijeni, avidini itashika biotini ya ini lenyewe na kukupa chembechembe za kahawia ndani ya saitoplazimu, picha ileile ambayo CPS1 cha kweli hutoa. Sijui mtego mwingine unaofanana na ukweli kiasi hicho. Dawa zake ni mbili: kutumia mfumo wa polima usiohusisha biotini, na kila mara kuweka slaidi moja ambayo imepitia hatua zote isipokuwa kingamwili ya sungura, ambayo mahali pake huwekwa IgG ya sungura asiyechanjwa, kwa kiwango kilekile. Figo nayo ina biotini nyingi lakini haina CPS1 cha kuonekana, kwa hiyo kipande cha figo kikigeuka kahawia, unajua umekosea wapi.

Nikiwa na slaidi nzuri chini ya hadubini, naanza na eneo lenye tawi la vena ya lango, ateri na mfereji wa nyongo. Seli za ini zinazolizunguka eneo hilo zinatakiwa ziwe na chembechembe nyingi za kahawia, zikiishia ghafla kwenye ukingo wa seli, na kiini cha kila seli kibaki na buluu ya hematoksilini, rangi inayopakwa kwenye viini. Seli za mfereji wa nyongo, zilizo umbali wa mikroni chache tu, zinatakiwa zibaki safi, vivyo hivyo kuta za mishipa na seli za Kupffer (seli za kinga za ini) zilizomo katikati ya safu. Seli hizo safi ni ushahidi ulio ndani ya slaidi yenyewe, maana zimepata fomalini ileile, joto lilelile na matone yaleyale ya kingamwili. Kisha nasogea hadi kwenye vena ya kati. Katika ini la panya, pete nyembamba ya seli zinazoizunguka vena hiyo, zile zinazotengeneza glutamini kutokana na amonia iliyosalia, hazina CPS1, na polikloni nzuri iliyozimuliwa ipasavyo huionyesha pete hiyo ikiwa tupu. Ukiongeza kingamwili kupita kiasi, pete hupotea na ini lote huwa ukuta wa kahawia. Kwa hiyo naanza na 1 kwa 500, naenda 1 kwa 1,000, 1 kwa 2,000, 1 kwa 4,000 na kuendelea, na ninayoichagua ni ile inayoonyesha mipaka, hata kama kuna nyingine yenye rangi nzito zaidi. Mwenye kuangalia ini la mzee akumbuke pia lipofusini, rangi ya asili ya kahawia iliyomo katika seli hizo kabla hujaweka kitu chochote.

Kwa nini tunajisumbua hivi katika ukanda wetu? Saratani ya ini ni ugonjwa tunaoufahamu kwa uchungu, na visababishi viwili vikubwa tunaishi navyo: virusi vya homa ya ini B, na sumukuvu inayoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 Tanzania ilirekodi wagonjwa 68 na vifo 20 katika mikoa ya kati. Hayo yalikuwa madhara ya haraka ya sumu nyingi kwa mpigo. Sumu ndogondogo ya miaka mingi ndiyo inayosaidia kuleta saratani. Mgonjwa anapofika na uvimbe kwenye ini, swali mojawapo la daktari ni kama uvimbe umeanzia hapohapo au umesambaa kutoka tumboni, kwenye matiti au kwingineko, na kingamwili zinazotambua vimeng'enya vya ini ni sehemu ya jibu.

Hapa sina budi kusema wazi: polikloni iliyoandikwa kuwa ni ya utafiti tu isitumike kutoa majibu ya mgonjwa. Hata Hep Par 1, yenye historia ndefu, ina mipaka yake, kwani saratani za ini zilizopoteza sura ya seli za ini mara nyingi huwa zimepoteza CPS1 pia, na baadhi ya saratani za tumbo la chakula hukionyesha. Ndiyo maana maabara nyingi sasa huiongezea kingamwili ya kimeng'enya kingine cha mzunguko huohuo wa urea, ajinasi 1, ambayo hushika vizuri zaidi katika saratani zilizoharibika sana.

Tatizo la mwisho ni la bechi. Sungura ni kiumbe hai, damu yake ina mwisho, na anayemfuata hatatengeneza mchanganyiko uleule hata akidungwa antijeni ileile kwa mikono ileile. Mwaka 2015 Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, pamoja na wanasayansi wengine wengi walioungana nao, waliandika wakitaka kingamwili za utafiti zijulikane kwa mpangilio wa jeni zake na zitengenezwe katika seli, ili tofauti za bechi ziishe. Naliunga mkono wazo hilo, na monokloni za sungura za namna hiyo zimeshafika sokoni. Hata hivyo mradi wa Human Protein Atlas wa Sweden, ulioanza mwaka 2003 chini ya Mathias Uhlén, ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya polikloni za sungura zilizosafishwa kwa antijeni zake, na picha zake zipo wazi kwa kila mtu mwenye intaneti, ini, figo na utumbo vikiwemo. Mwanafunzi asiye na fedha za kununua kila kipimo anaweza kulinganisha slaidi yake na picha hizo bila kulipa senti.

Kwetu bechi mpya haiingii kazini kabla ya kupimwa sambamba na ile ya zamani, siku moja, kwenye vipande vya ini, utumbo na figo vilivyokatwa kutoka kwenye bloku zilezile. Chupa ikifika hugawanywa mara moja katika vijichupa vidogo, kwa sababu kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara huiharibu kingamwili kuliko kitu kingine, na umeme unapokatika usiku hatuhesabu tena freza kuwa salama hadi tumesoma kipimajoto chake. Sanduku likikabidhiwa na wakala barafu ikiwa imekwisha, msilitupe kwa hasira: IgG ya sungura ni ngumu na mara nyingi huvumilia siku chache za joto la kawaida, wakati kingamwili ya pili iliyofungwa na peroksidasi, kimeng'enya kinachotoa rangi, ni dhaifu zaidi na ndiyo ya kupimwa kwanza. Na kama mmeongeza sodiamu azidi ili kuzuia bakteria, isifike kwenye chombo chenye peroksidasi, kwani azidi huizima peroksidasi na slaidi zote zitatoka nyeupe, hata ile ya ini.

Wanaoandika tasnifu nawaomba waweke katika sura ya mbinu jina la mzalishaji, namba ya katalogi, namba ya bechi, kipande cha CPS1 kilichotumika kumchanja sungura, kiwango cha kuzimua, mfumo wa kutoa rangi, na picha za tishu zisizo na kimeng'enya zikiwa na ukubwa uleule wa picha za ini. Bechi ikiachwa, mtu wa Mwanza au wa Nairobi atakayenunua chupa yenye namba ileile ya katalogi anaweza kupewa damu ya sungura mwingine.